KOMPYUTA YA GEMU INAZIMA KILA MARA? USIKIMBILIE KUPIGA WINDOWS, ANZA NA JOTO, VUMBI NA UMEME

Hii ni kwa vijana wenzangu wa Kamsamba, Ivuna, Chitete, Tunduma na popote pale mnapopiga gemu kwenye kompyuta. Swali ni lile lile kila siku: "Mashine yangu ikifika dakika kumi za GTA inazima, shida nini?" Na jibu ni lile lile pia: "Kapige Windows upya."

Jamani, kupiga Windows si dawa ya kila ugonjwa. Mashine inayozima ukiwa katikati ya gemu, mara nyingi shida yake iko kwenye joto, umeme au kifaa kilichochoka, na hivyo vyote Windows mpya haivigusi. Fundi akifomati, vyote vya kwenye C vinaondoka: picha za harusi ya dada, barua za kuombea kazi, na seva za gemu ulizocheza miezi mitatu. Hela umetoa, vitu vimepotea, na wiki ijayo mashine inazima tena vile vile.

KWA NINI TUNDUMA INAKUBALI, KAMSAMBA INAGOMA

Hili wengi linawachanganya. Unapeleka mashine kwa fundi Tunduma, anaiwasha, inacheza saa mbili bila tatizo. Anakuangalia kama muongo. Anapiga Windows ili usiondoke mikono mitupu, unarudi nayo Kamsamba, siku ya kwanza tu imezima.

Hakuna uchawi hapo. Tunduma iko juu, mpakani na Nakonde ya Zambia, na kubaridi kwake kunajulikana. Kamsamba iko chini kwenye Bonde la Rukwa, kando ya Mto Momba unaoteremka kwenda Ziwa Rukwa, na joto la huku kila mtu analijua. Sasa feni ya kompyuta haitengenezi baridi kama friji. Kazi yake ni kusukuma hewa ya chumba ipite kwenye vyuma vyenye moto. Hewa ya chumba ikiwa nyuzi 36, hakuna kitu ndani ya kasha kitakachopoa chini ya nyuzi 36.

Piga hesabu. Tuseme prosesa yako ikiwa kwenye gemu hupanda nyuzi 50 juu ya joto la chumba. Chumba cha nyuzi 20 inafika 70, safi kabisa. Chumba cha nyuzi 36 inafika 86, na hapo bado vumbi halijahesabiwa. Vumbi likiziba mapezi ya kile chuma cha kupoozea unaongeza nyuzi nyingine 10 au 15, na tayari uko jirani na 100. Prosesa nyingi za kisasa zikikaribia 100 hujipunguza kasi zenyewe (gemu linaanza kukwamakwama), zikizidi hapo zinakata umeme ili zisiungue. Kwa hiyo fundi wa Tunduma hakukudanganya. Aliipima kwenye hewa ya kwao.

Mkienda kwa fundi wa mbali, mwambieni hilo kabla hajagusa kitu.

IANGALIE INAVYOZIMA

"Inazima" ni neno moja lenye mambo mengi ndani. Ikikata ghafla kama umechomoa waya, skrini nyeusi na feni zimesimama, mshukiwa wa kwanza ni pawa saplai, umeme wa ukutani au joto la prosesa. Ikizima na kujiwasha yenyewe, inaweza kuwa hayo hayo, au ni skrini ya bluu ambayo hukuiona kwa sababu Windows imepangwa kujiwasha haraka. Ikiganda huku sauti inarudia neno moja kama santuri iliyokwaruzika, angalia kadi ya grafiki na ramu. Na kama gemu tu ndilo linafunga, unarudi kwenye desktopu na mashine nyingine yote iko fiti, hapo ndipo unaweza kuanza kulaumu programu.

Ile skrini ya bluu itulize usome ilichoandika. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, kisha Settings ya chini kabisa, ondoa tiki kwenye Automatically restart. Ikitokea tena, ipige picha kwa simu. MEMORY_MANAGEMENT mara nyingi inaelekeza kwenye ramu. VIDEO_TDR_FAILURE ni upande wa kadi ya grafiki au draiva yake. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR ni kifaa chenyewe kinalia, hasa prosesa, joto au umeme wake.

Kuna kitu kinadanganya watu wengi. Ukifungua eventvwr utaona tukio namba 41, Kernel-Power. Wengine wakiona neno "Power" wanakimbilia kununua pawa saplai mpya. Subiri kwanza! Tukio 41 linasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuaga. Kilichoizima halikijui. Hata ukichomoa waya kwa mkono wako, utalikuta hilo hilo.

JOTO: KIPIMO CHA BURE

Kabla ya kutoa hata mia, fanya hivi. Fungua ubao wa pembeni wa kasha, weka feni ya mezani ikipuliza moja kwa moja ndani, cheza lile gemu linalozima. Kama lilikuwa linazima dakika ya kumi na sasa linaenda saa nzima, umeshapata jibu. Ni joto.

Ukitaka namba, weka programu ya bure kama HWiNFO au HWMonitor, iache wazi nyuma ya gemu, halafu tazama safu ya kiwango cha juu kilichofikiwa. Prosesa ikibaki chini ya 80 au 85 lala usingizi. Ikigonga 95 na kuendelea, kuna kazi ya kufanya.

Kazi yenyewe ni usafi. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, kisha toka nayo nje. Tumia brashi laini ya rangi, ile mpya kabisa, na bloa kama ipo. Panga la feni lishike kwa kidole usiliache lizunguke kwa upepo wa bloa, litaharibika. Vumbi la huku ni laini kama unga na linaganda kwa jasho la hewa, kwa hiyo usitegemee kupuliza kwa mdomo (mate nayo ni maji, wandugu).

Kama mashine ina miaka mitano au zaidi, ile dawa iliyo kati ya prosesa na chuma cha kupoozea itakuwa imekauka kama udongo. Ifutwe yote kwa spiriti, ipakwe mpya, kiasi cha punje moja ya mchele au mbili. Kuna mafundi wanapaka dawa ya meno. Siku za mwanzo inafanya kazi kweli, ndiyo maana wanapata sifa, ila ikishakauka inageuka kuwa blanketi. Mwambie mapema akuoneshe bomba la dawa yenyewe.

Halafu kuna ujanja usio na gharama. Ndani ya gemu punguza fremu, weka kikomo 60 au hata 30. Gemu la zamani likiachwa huru linaweza kuifanya kadi ya grafiki itoe fremu 200 ambazo skrini yako haiwezi hata kuzionesha, na zote hizo zinageuka joto tu. Ujanja wa pili uko kwenye Power Options za Windows: sehemu ya Processor power management, weka Maximum processor state iwe 99 badala ya 100. Kwa prosesa nyingi za Intel hiyo asilimia moja inazima ile kasi ya ziada ya turbo, na joto linashuka sana huku gemu likipungua kidogo tu. Kwa mchana wa Oktoba na Novemba huku bondeni, hii peke yake imeokoa mashine nyingi.

Wa laptopu: kitandani si mahali pa gemu. Matundu ya chini yakizibwa na godoro, hata laptopu mpya itazima. Inyanyue nyuma kwa vifuniko viwili vya soda, hewa ipite.

UMEME NDIO MCHAWI MWINGINE

Umeme wetu Tanzania ni volti 230, kwenye karatasi. Kijiji kikiwa mwisho wa laini ndefu, volti zinapungua njiani, na watu wakiwasha vitu vyote kwa pamoja zinapungua zaidi. Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulianza kazi mwaka 2007 na nguzo zimefika sehemu ambazo wazazi wetu hawakutegemea. Lakini nguzo kufika ni jambo moja, na volti kutulia ni jambo lingine.

Kompyuta ya gemu ikihitaji wati 200 kwenye volti 230 inavuta ampea 0.87. Volti zikishuka mpaka 160, pawa saplai inalazimika kuvuta 1.25 ili kutoa wati zile zile. Inapata moto zaidi, na kama imechoka inakata. Pawa saplai zilizoandikwa 100-240 zinavumilia kushuka huko. Zile za zamani zenye swichi ndogo nyekundu nyuma, ya 115 na 230, zinavumilia kidogo. Na hiyo swichi tafadhali isichezewe! Ikiwekwa 115 halafu ukachomeka kwenye umeme wetu, utasikia mlio kama baruti na moshi juu.

Chunguza pia majirani. Mota ya mashine ya kukoboa mpunga inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara tano, sita, hata saba ya kawaida yake kwa muda mfupi. Mashine ya kuchomelea mageti nayo hivyo hivyo. Kama kompyuta yako inajiwasha upya kila wakikoboa, usitafute virusi. Andika saa inapozima kwa siku nne au tano, halafu linganisha na saa za mashine ya jirani.

Ila hapa kuna mtego. Mtu anasema "usiku wa manane haizimi, kwa hiyo ni umeme." Usiku wa manane umeme umetulia, sawa, lakini na joto limeshuka! Ili uvitenganishe, tazama feni ya mezani: ikipunguza mwendo sekunde ile ile kompyuta inapokufa, ni umeme. Taa za LED zisikudanganye, nyingi haziyumbi hata volti zikishuka sana. Bora zaidi, mwombe fundi umeme apime soketi kwa multimita kati ya saa 1 na saa 3 usiku wakati kompyuta iko kwenye gemu. Asipime na mashine imezimwa, hapo haitakuonesha kitu.

Watu wanachanganya stabilaiza na UPS. Stabilaiza inanyanyua volti zikishuka na kuzishusha zikipanda, lakini umeme ukikatika nayo inakatika. UPS ina betri, inakupa dakika chache za kuseva na kuzima vizuri. Soma wati, usisome VA peke yake: UPS nyingi za VA 650 zinabeba wati kama 360 hadi 390 tu. Na betri ya UPS haipendi joto. Ikikaa kwenye chumba cha moto inachoka mapema mno, kwa hiyo ukiona UPS inalia na kukata papo hapo, usitupe UPS nzima, ulizia betri.

Wa sola: inveta za bei ndogo zinatoa umeme wa ngazi-ngazi badala ya wimbi laini. Redio na tivii zinaukubali. Pawa saplai nzuri za kisasa wakati mwingine zinaukataa, zinaunguruma au kukata gemu likiwa zito. Muulize muuzaji kama inveta yake ni ya wimbi laini kabla hujatoa hela.

MASHINE ZA MTUMBA

Wengi wetu gemu tunapigia kwenye mashine zilizotumika maofisini Ulaya, Marekani au Dubai, kama Dell OptiPlex na HP za mezani. Ni mashine imara kwa kazi zake, na kazi zake ni kuandika barua. Pawa saplai ya OptiPlex 9020 ile nyembamba ni wati 255. Unapochomeka kadi ya grafiki ya gemu humo, umebebesha punda mzigo wa fuso.

Kanuni ni hii: ile nafasi ya kadi kwenye madabodi inatoa wati 75 basi. GT 1030 ni wati 30, GTX 750 Ti ni 60, GTX 1050 Ti ni 75. Hizo zinaweza kukaa, mradi uchague zile fupi zinazoingia kwenye kasha nyembamba. Lakini GTX 1060 inataka wati 120 na waya wake wa peke yake, RX 580 inataka 185. Mtu akikuunganishia hizo kwa adapta ya waya wa diski, mashine itawaka vizuri, itafungua gemu vizuri, kisha itakata pale mabomu yanapoanza kulipuka. Pawa saplai inaelemewa.

Kitu kingine cha mtumba ni kapasita, vile vipipa vidogo juu ya madabodi. Kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa. Kikivimba au kikivuja maji ya kahawia, umepata mchawi. Haya hayakutupata sisi tu. Mashine za Dell OptiPlex GX270 na GX280 za miaka ya 2003 hadi 2005 zilikuwa na kapasita mbovu, na mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya gharama za matengenezo hayo. Fundi wa redio mwenye mkono mzuri anaweza kubadilisha kapasita za madabodi. Ndani ya pawa saplai usiguse wewe mwenyewe: umeme unabaki mle hata waya ukiwa umechomolewa, na huo umeme unaua.

Na mashine mpya? Nazo zinazingua. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zake za kizazi cha 13 na 14 za mezani zilikuwa zinaangusha magemu kwa sababu ya volti kupanda kupita kiasi, ikatoa marekebisho ya baiosi na kuongeza miaka miwili ya waranti. Ukikuta mtu anakuuzia i9 ya hivyo kwa bei ya kutupa, jiulize kwa nini.

RAMU, DISKI NA BARABARA YA MLOWO

Mashine iliyokuja juu ya lori kutoka Mlowo imetikiswa zaidi ya kilomita mia moja. Ramu inalegea, kadi ya grafiki inainuka upande mmoja. Kwa hiyo kompyuta ikianza kuzima mara tu baada ya safari, fungua kwanza, chomoa ramu, sugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya penseli, futa mabaki, rudisha mpaka isikike "tak" pande zote mbili. Kama zipo mbili, jaribu moja moja. Kisha andika mdsched kwenye ile sehemu ya kitufe cha Windows na R, iache ijipime. Ikionesha kosa hata moja, ramu hiyo haifai.

Diski inayokufa yenyewe huganda ganda kwanza, hasa gemu linapopakia sehemu mpya ya ramani. Weka CrystalDiskInfo: ikiandika Caution au Bad, acha gemu siku hiyo hiyo, nakili vitu vyako kwenye flashi. Umeme ukikatika mara kwa mara faili za Windows nazo zinaharibika, na hapo chkdsk C: /f na sfc /scannow zinaweza kurekebisha bila kufomati chochote. Zifanyie kwenye dirisha la amri lililofunguliwa kama msimamizi.

GEMU ZA KUKRAK

Najua, najua. Kila mtu anazo. Ila mwaka 2021 kampuni ya Avast ilieleza kuhusu kirusi walichokiita Crackonosh, kilichofichwa ndani ya magemu ya kukrak yakiwemo GTA V, NBA 2K19 na Pro Evolution Soccer 2018. Kilikuwa kinazima antivairasi, kisha kinatumia prosesa yako kuchimba sarafu za mtandaoni kwa faida ya wenyewe. Walihesabu mashine zaidi ya 222,000 zilizoambukizwa. Prosesa ikichimbishwa muda wote inachemka muda wote, na wewe unalaumu hali ya hewa. Kipimo: usifungue kitu chochote, subiri dakika tano, bonyeza Ctrl, Shift na Esc. Prosesa ikiwa bado iko 80 au 90 kwa mia na hakuna unachofanya, kuna mgeni ndani. Hapa ndipo kupiga Windows kunapokuwa na maana, na ukirudisha gemu lile lile kutoka flashi ile ile, na mgeni amerudi.

Sababu nyingine halali ya kupiga Windows ni uzee wake. Steam iliacha kuhudumia Windows 7 na 8 tarehe 1 Januari 2024, na Windows 10 ilifika mwisho wa msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Draiva za kadi mpya haziandikwi tena kwa mifumo ya zamani. Lakini kabla ya hapo jaribu draiva: iondoe ya sasa, weka nyingine kutoka kwa watengenezaji wenyewe wa kadi. Kwa kadi za zamani ile draiva ya miaka miwili nyuma mara nyingi inatulia kuliko ya juzi.

UKILAZIMIKA KWENDA KWA FUNDI

Nauli ya kwenda Tunduma au Mbeya na kurudi si ndogo, na mashine inatikiswa tena. Kwa hiyo nenda na karatasi. Andika: inazima baada ya dakika ngapi, kwenye gemu gani, saa ngapi, skrini ilisema nini, joto la juu lilifika ngapi, ikipulizwa na feni inachukua muda gani, na nini kimeshajaribiwa. Nakili vitu vyako kabla hujaondoka nyumbani. Funga kadi ya grafiki kando kwenye nguo, isisafiri ikiwa imechomekwa. Ukifika, mwombe fundi aipime kasha likiwa limefungwa, pembeni ya ukuta, bila feni ya dukani kuipuliza, na gemu lako mwenyewe likiwa linacheza kwa saa moja. Akikwambia haina shida ndani ya dakika tano na anatoa flashi ya Windows mfukoni, mshukuru, beba mashine yako, ulizia fundi mwingine.